Notisi, Tangazo au Taarifa? Uhakiki wa Lugha ya Kuwaarifu Wamiliki wa Sehemu za Majengo

1. Utangulizi

Kazi ya istilahi haiishi pale neno linapoidhinishwa na kuchapishwa katika orodha. Neno huanza kazi yake hasa linapobandikwa ukutani, likasomwa na mtu ambaye hakuwapo kikaoni lilipojadiliwa, naye akalazimika kutenda jambo kwa kulitegemea. Makala haya yanakusudia kuchunguza fungu dogo la maneno ya aina hiyo, yaani maneno yanayotumiwa kuwaarifu wamiliki wa sehemu za majengo ya ghorofa kwamba masharti ya jengo lao yamebadilishwa, au yanakusudiwa kubadilishwa. Katika tofauti hiyo ya "yamebadilishwa" na "yanakusudiwa kubadilishwa" ndimo ilimo hoja yetu.

Jambo lililonisukuma kuandika ni hili. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinijia jioni moja akiwa na karatasi mkononi. Nilipokwisha kumwamkia, akaniambia, "Mwanangu, nimepewa notisi." Niliposoma karatasi ile niliona kwamba hakuna aliyemtaka ahame. Alikuwa amenunua sehemu yake kwa kiinua mgongo chake, na hati alikuwa nayo. Karatasi ilihusu mkutano wa kubadili masharti ya jengo ili kuzuia kupangisha kwa muda mfupi. Naye alikuwa akiishi kwa kupangisha chumba kimoja kwa watu wa mikoani wanaokuja jijini kuuguza jamaa zao. Nilipotazama tarehe, mkutano ulikuwa umekwisha kupita. "Mbona hukwenda, Mwalimu?" nilimwuliza. Akajibu, "Wameandika wapangaji. Mimi si mpangaji. Nilidhani ni mkutano wa wapangaji na mwenye nyumba wao."

Mzee yule alifundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini. Hatuwezi kusema kuwa hakuijua lugha. Yatupasa tuseme kwamba aliisoma lugha kama ilivyoandikwa, na ilivyoandikwa haikuwa kweli.

2. Asili ya tatizo

Ili kuelewa kwa nini mmiliki aliitwa mpangaji, hapana budi tuangalie nyuma. Katika miji ya Tanzania, jengo la ghorofa kwa muda mrefu lilikuwa na mwenyewe mmoja na wapangaji wengi. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, na majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na zile za Shirika. Katika miaka hiyo yote aliyeishi ghorofani alikuwa, aghalabu, mtu wa kulipa kodi. Na karatasi iliyobandikwa ngazini ilitoka kwa mwenye jengo kwenda kwa asiye na jengo. Lugha yake ilikuwa lugha ya amri, wala hatuilaumu kwa hilo, kwa kuwa ndivyo uhusiano wenyewe ulivyokuwa.

Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 iliubadili uhusiano huo. Kwa sheria hiyo mtu anaweza kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo, akawa pia mshiriki katika mali ya pamoja: paa, ngazi, lifti, matangi ya maji na uwanja. Wamiliki wote huunda umoja wao, na umoja huo ndio wenye kusimamia jengo. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2010. Kenya ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1987, ikaifuta na kutunga nyingine mwaka 2020.

Kwa hiyo sheria imekwisha kumfanya mpangaji wa jana kuwa mmiliki wa leo. Lakini lugha ya karatasi za ngazini haijapata habari. Bado inasema na wapangaji.

3. Kielelezo

Sikunakili karatasi ya mzee yule neno kwa neno, wala si haki kuwaaibisha walioiandika. Kielelezo kifuatacho nimekitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wa matangazo ya aina hiyo, na msomaji anayeishi katika jengo la ghorofa atakitambua mara moja:

NOTISI KWA WAPANGAJI NA WAKAZI WOTE. Mnatangaziwa kuwa sheria ndogo za jengo zimefanyiwa marekebisho. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao ni marufuku kupangisha kwa muda mfupi. Michango ya huduma imepandishwa ili kukidhi mahitaji. Azimio maalumu kuhusu mambo haya litapitishwa katika mkutano utakaofanyika Jumamosi. Mnaombwa kuhudhuria bila kukosa. Atakayekiuka atachukuliwa hatua kali. Imetolewa na Uongozi.

Kwa sarufi ya kawaida tangazo hili halina kosa. Upatanisho wa ngeli umekamilika na tahajia ni sahihi. Mwalimu akilisahihisha kama insha atalipa alama nzuri. Hata hivyo halimwambii mmiliki hata jambo moja kati ya yale anayohitaji kuyajua.

4. Uhakiki wa istilahi

(a) Notisi, ilani, tangazo, taarifa. Maneno haya manne hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Mjini, "kupewa notisi" ni kutakiwa uhame, au uache kazi. Maana hiyo imekwisha kukaa katika masikio ya watu, na mtungaji wa istilahi hawezi kuiondoa kwa kuandika maana nyingine pembeni. "Ilani" ina heshima ya kisheria, lakini siku hizi watu wengi wakiisikia hukumbuka ilani ya uchaguzi. "Tangazo" ni neno la hadhara: hutolewa kwa yeyote apitaye, na mtoaji hana wajibu wa kuhakikisha kuwa fulani amelipata. "Taarifa" ndilo neno lenye kudai mpokeaji. Mtu hupewa taarifa, au hakupewa. Na kama hakupewa, ana haki ya kulalamika. Kwa kuwa haki ya mmiliki ni kuarifiwa, neno linalofaa ni "taarifa", na kwa ukamilifu, "taarifa ya mkutano".

Si jambo la jina tu. Mmiliki huenda anaishi Mwanza, au Muscat, au London, na sehemu yake inakaliwa na mtu mwingine. Tangazo likibandikwa ngazini, aliyebandika hujiona amemaliza kazi. Anayeandika "taarifa" hujiuliza mara moja: nimemfikishia nani, kwa njia gani, na lini?

(b) Mmiliki, mpangaji, mkazi. Hawa ni watu watatu, ingawa mmoja aweza kuwa wawili kati yao. Mmiliki ana hati na ana kura. Mpangaji ana mkataba na mmiliki, hana kura, lakini atabanwa na masharti mapya. Mkazi ni yeyote alalaye humo, hata mtoto. Kuwachanganya katika kichwa kimoja cha habari ni kumficha mwenye kura. Wengine wamependekeza "mwenye nyumba" badala ya "mmiliki", kwa kuwa ni Kiswahili cha siku nyingi. Tunaliheshimu neno hilo, lakini kwa matumizi haya halifai, kwa kuwa mjini maana yake ni yule anayepokea kodi. Na katika jengo la wamiliki arobaini mtu atauliza, mwenye nyumba ni yupi?

(c) Sheria ndogo, kanuni, masharti. Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa zaidi. Wafasiri wengi huandika "sheria ndogo", kwa kuwa ndivyo istilahi hiyo ifasiriwavyo inapohusu halmashauri za miji na wilaya. Matokeo yake ni kwamba mmiliki huamini kuwa jambo limetoka serikalini, na ya serikali hayapigiwi kura ngazini. Wengine huandika "kanuni", lakini katika sheria za Tanzania kanuni ni zile zinazotungwa na Waziri chini ya sheria mama. Hapo pia mmiliki huinamisha kichwa.

Maoni yetu ni kwamba neno tulilonalo ni zuri na lina umri, ila tumelitafuta mahali pasipolo. Tumelitafuta halmashauri, nalo liko katika ushirika. Vyama vya ushirika, na vyama vya akiba na mikopo, vina "masharti ya chama". Wanachama wa vyama hivyo, wakiwamo wakulima ambao hawakusoma sana, wanafahamu kwamba masharti ni yao, kwamba hubadilishwa katika mkutano mkuu, kwamba mkutano bila akidi si mkutano, na kwamba kamati haiwezi kuyageuza peke yake. Jengo lenye wamiliki wengi linafanana zaidi na chama cha ushirika kuliko linavyofanana na halmashauri. Basi tuseme "masharti ya umoja". Atakayedai kwamba "masharti" yatachanganywa na "masharti ya upangaji" tutamjibu kwamba neno linalofuata ndilo lenye kutenganisha, na ndiyo sababu halifai kuachwa.

Hapa yafaa pia tuseme neno juu ya chombo chenyewe. Sheria ya Kenya imekipa jina la Kiingereza ambalo wafasiri hulitoa kama "shirika". Kwa msomaji wa kawaida shirika ni chombo cha umma au kampuni kubwa yenye ofisi zake. "Umoja wa wamiliki" humkumbusha msomaji kwamba yeye mwenyewe ni sehemu ya umoja huo.

(d) Azimio maalumu. Hapa lawama ni yetu sisi wa istilahi, wala si ya mwandishi wa tangazo. Katika orodha, "azimio maalumu" ni sahihi. Lakini msomaji asiye mwanasheria huelewa kwamba ni azimio lenye uzito, au la sherehe. Hajui kwamba kilicho maalumu si azimio bali ni kiwango cha kura kinachohitajika ili lipite, kiwango kilicho kikubwa kuliko nusu na moja. Neno limebeba siri ndani yake. Katika matumizi ya kisheria libaki, lakini katika taarifa kwa wamiliki lisiachwe peke yake. Litajwe pamoja na kiwango chenyewe: "azimio la robo tatu ya kura", au kiwango chochote kinachotajwa na sheria na masharti ya jengo hilo. Bunge limetuzoeza kusikia "theluthi mbili", na hakuna mwananchi anayeshindwa kuelewa.

(e) Mchango, kodi, ada. "Mchango" ni neno la hiari: mtu huchangia harusi na msiba kwa uwezo wake. Kuliita tozo la lazima mchango, kisha kumtisha asiyelipa kwa hatua kali, ni kutumia neno kinyume cha desturi yake. "Kodi" nayo ni ya mpangaji au ya serikali. "Ada ya uendeshaji" inatosha: ada hulipwa na mwanachama, kwa kiwango kilichokubaliwa, kwa kazi inayojulikana.

5. Uhakiki wa vitenzi

Tungeweza kusahihisha majina yote hayo na bado tangazo likabaki baya, kwa sababu ubaya wake mkubwa umo katika vitenzi.

Kwanza, "zimefanyiwa marekebisho" na "imepandishwa" ni vitenzi vya kauli ya kutendwa visivyomtaja mtenda. Nani amezifanyia? Nani ameipandisha? Kauli ya kutendwa ina kazi zake njema katika Kiswahili, lakini katika maofisi yetu imekuwa pazia. Jina "Uongozi" mwishoni halifunui chochote, kwa kuwa halina mtu wala sahihi.

Pili, tangazo linajipinga. Linasema kwamba masharti "yamefanyiwa" marekebisho, kisha linasema kuwa azimio "litapitishwa" Jumamosi. Kama yamekwisha kurekebishwa, mkutano ni wa nini? Na kama mkutano ndio wenye kuamua, -me- imetoka wapi? Hili si kosa la kalamu. Kiambishi -me- kimetangulia kura, na msomaji mwenye akili timamu huamua kubaki nyumbani.

Tatu, "litapitishwa". Jambo linalopelekwa mkutanoni hupigiwa kura. Laweza kupita, laweza kuanguka. Anayeandika "litapitishwa" amekwisha kuhesabu kura ambazo hazijapigwa. Hali kadhalika "mnaombwa kuhudhuria" humfanya mwenye haki aonekane mwalikwa.

Lugha yetu haina upungufu wowote katika jambo hili. Ina kiishio -e cha kupendekeza: kifutwe, kiongezwe, kisomeke, iwe. Bungeni, anayeleta badiliko la kifungu husema hivyo hivyo: maneno haya yafutwe, na mahali pake yawekwe haya. Kitenzi "kifutwe" kinasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba kifungu bado kipo, na kwamba kuna anayetaka kisiwepo. Lugha nyingi zingehitaji sentensi nzima kusema jambo hilo. Sisi tunalisema kwa irabu moja, kisha tunaacha kuitumia.

6. Mfano unaopendekezwa

Baada ya lawama, ni wajibu wa mhakiki kuonyesha njia. Tangazo lile lingeweza kuandikwa hivi:

TAARIFA YA MKUTANO MKUU KWA WAMILIKI WOTE
Pendekezo la kubadili masharti ya umoja

1. Kamati ya umoja inawaarifu wamiliki kwamba mkutano mkuu utafanyika Jumamosi, saa 4 asubuhi, katika ukumbi wa chini.

2. Wamiliki watapiga kura juu ya pendekezo lifuatalo. Kifungu cha 12, ambacho sasa kinasema: "Mmiliki aweza kupangisha sehemu yake", kibadilishwe, kisomeke: "Mmiliki aweza kupangisha sehemu yake kwa muda usiopungua miezi mitatu."

3. Sababu ya pendekezo: baadhi ya wamiliki wamelalamikia kelele na usalama wa lango wakati wa usiku.

4. Pendekezo litapita likiungwa mkono na robo tatu ya kura. Lisipofikia kiwango hicho, kifungu cha sasa kitaendelea kutumika.

5. Mmiliki asiyeweza kufika aweza kumtuma mwakilishi mwenye barua ya mmiliki, au kuleta maoni yake kwa maandishi kabla ya siku ya mkutano.

6. Nakala ya taarifa hii wanapewa wapangaji kwa kujua tu. Mpangaji mwenye maoni ayafikishe kwa mmiliki wake.

Kwa niaba ya kamati: Katibu (jina, sahihi, tarehe).

Namba na viwango vilivyomo ni vya mfano. Kila jengo litaweka vyake kwa mujibu wa sheria na masharti yake. Badiliko la ada nalo liandikiwe kifungu chake kwa njia hiyo hiyo: ada ya sasa, ada inayopendekezwa, na sababu. Na baada ya mkutano itolewe taarifa ya pili, na hapo ndipo -me- itakapokuwa mahali pake: "Kifungu cha 12 kimebadilishwa", au "Pendekezo halikupita", pamoja na hesabu ya kura.

7. Pingamizi mbili

Yamkini mtumishi fulani wa ofisi atasema kwamba taarifa hii ni ndefu, na watu hawasomi karatasi ndefu. Tunamwomba azihesabu hasara. Karatasi fupi ya kielelezo chetu huzaa maswali mlangoni, ugomvi mkutanoni, na mwishowe shauri mbele ya baraza au mahakama, ambako watu watabishana siku nyingi juu ya maana ya neno ambalo lingeelezwa kwa mstari mmoja.

Mwingine atasema kwamba wamiliki wengi wa sehemu hizo wanajua Kiingereza, na matini ya Kiingereza ndiyo yenye nguvu. Hoja hii imepungua uzito. Kwa marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania. Aidha, mfasiri anayeitwa baada ya mambo kukamilika kwa Kiingereza hupewa maneno bila kupewa shughuli. Hajui kama mkutano umefanyika au bado, naye huandika -me- kwa kubahatisha. Afadhali taarifa iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na wale wale wanaoitisha mkutano.

8. Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi za umiliki wa sehemu za majengo zipangwe upya kwa kulinganishwa na istilahi za ushirika, ambazo zimekwisha kuzoeleka kwa wananchi, badala ya zile za serikali za mitaa. Pili, orodha zetu zisitoe neno moja kwa neno moja tu. Pale ambapo istilahi inagusa haki ya mtu, iwekwe pia sentensi ya mfano inayoonyesha jinsi ya kuitumia mbele ya asiye mtaalamu. Tatu, walimu wa uandishi wa kiofisi wafundishe tofauti ya "kimefutwa" na "kifutwe" kwa bidii ile ile wanayofundisha upatanisho wa ngeli.

Mwalimu yule mstaafu bado anaishi katika sehemu yake, ila chumba chake hakina mpangaji. Badiliko lile lilipita. Labda lingepita hata kama angekuwapo, kwa maana kura moja ni kura moja. Lakini angeinua mkono wake, na jina lake lingeandikwa katika kumbukumbu za mkutano upande alioutaka. Aliikosa nafasi hiyo kwa sababu ya maneno mawili, "notisi" na "wapangaji", na irabu moja iliyoachwa.